Kuifuata SAR ya Mbwera

Mmenichosha. Tangu nirudi, kila anayenipigia simu anataka kujua kama ni kweli nimefukua kaburi la watu. Wengine mmeshapata habari kutoka kwa Koplo Shukuru, naye ni mtu mwema, lakini katika hadithi yake tembo wanaongezeka kila anapoisimulia. Basi naandika mara moja, msome nyote, kisha mniache nipumzike. Mambo ya vibali na mihuri sitayagusa. Anayetafuta usingizi akanunue dawa.

Kwa asiyeijua kazi yangu: nakusanya silaha kuukuu kwa ajili ya makumbusho yetu madogo, zile tu zilizowahi kubebwa na polisi. Ninazozipenda kuliko zote ni bunduki aina ya SAR. Kitako chake ni cha mbao, singe yake inakunjwa chini ya mtutu, na ukishafyatua risasi moja inajikoki yenyewe na kusubiri kidole chako. Marehemu baba alikuwa konstebo, aliisafisha yake kila Ijumaa akitoka msikitini, na mimi nilikaa pembeni nikinusa yale mafuta. Mwanamke mzima kupenda bunduki kuna watu huwashangaza. Washangae tu.

Polisi walipopata silaha mpya, baadhi ya SAR ziligawiwa vijijini ili mgambo wazitumie kulinda mazao. Upande wa Rufiji na Kibiti zilikuwa zimebaki mbili. Moja ilikuwa Mloka, na ilijulikana ilipo. Nyingine ilikuwa Mbwera, kwenye visiwa vya delta, nayo ilisemekana imepotea. Mimi neno "imepotea" sijawahi kuliamini. Chuma cha kilo nne hakiendi chenyewe.

Dar es Salaam hadi Kibiti

Silaha haisafiri bila askari, ndiyo maana nikapewa Koplo Shukuru, ambaye pia ndiye aliyeendesha gari. Ni Msukuma, mtu mkubwa, mpole, anayeogopa vitu viwili tu hapa duniani: maji marefu na mke wake. Alivaa kiraia, sare akaikunja kwenye begi.

Kibiti tulifika wakati wa chakula cha mchana, tukaingia kwenye kibanda kimoja karibu na stendi. Wali ulikuwa wa nazi, samaki kakaangwa vizuri, na mama mwenye kibanda alikuwa mcheshi. Akatuuliza tumetoka wapi, nikamwambia. Akauliza tumefuata nini. Nami, kwa mdomo wangu huu ambao mama alishanionya nao tangu mdogo, nikajibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Tumekuja kukusanya bunduki."

Vijiko vilinyamaza. Wanaume wawili waliokuwa meza ya jirani walinawa mikono, wakaacha wali nusu sahani, wakatoka bila kuaga. Mwingine aligeuza kiti ili tusimwone uso. Koplo alinikanyaga mguu chini ya meza, nami ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Watu wa huku walipitia miaka mibaya ya mauaji, na nyote mliisikia redioni mkiwa mmekaa kwenu, kama nilivyoisikia mimi.

Mama akaja kuondoa sahani zetu kabla hatujamaliza. Hakuwa na hasira.

"Dada yangu," akasema, "hapa kwetu neno hilo halisemwi mbele ya chakula. Humu ndani kuna watu wamezika."

Nilimwomba radhi, akaitikia kwa kichwa. Kuanzia hapo nilijifunza kusema kwamba nafuatilia mali ya makumbusho. Lakini habari zilikuwa zimeshatangulia, na kila tuliposimama kuuliza njia, watu walitujibu kwa maneno machache huku wakitazama namba za gari.

Kibiti hadi Mloka

Mvua ilikuwa imenyesha, na ikinyesha, barabara ya Mloka haina urafiki na mtu. Tulikwama, tukajikwamua, tukakwama tena. Kijijini tulipokelewa kwa shangwe mpaka nikaona aibu. Akina mama walitoka na mabua ya mahindi yaliyovunjwa, mmoja kabeba boga lililotobolewa na pembe, wote wakisema pamoja. Ilinichukua muda kujua kwamba wametudhania maofisa wa kifuta jasho, wanaokuja kuwapa pole wakulima walioliwa mazao na tembo. Nilipowaambia sisi sio, wakaondoka mmoja mmoja. Mwenye boga ndiye aliyebaki.

"Hata kulitazama tu, nalo mpaka uwe ofisa?" akaniuliza.

Nikalitazama. Nikampa pole. Ndilo nililoweza.

Mtendaji wa kijiji alitufungulia kabati akatoa SAR imefungwa kwenye gunia. Mnanijua, nikaifungua mwenyewe. Kitako kilikuwa na ufa mmoja uliofungwa waya, singe ilikunjika bila kukwaruza, na mtu alikuwa ameipaka mafuta hivi karibuni.

"Ichukueni tu," mtendaji akasema. "Risasi ziliisha zamani. Hata tembo wenyewe wanajua. Siku hizi tunapiga madebe na kuchoma pilipili."

Asubuhi yake, wakati Koplo anafunga mzigo, alinijia mwanaume wa makamo, mwembamba, kavaa shati lililofuliwa mpaka likapoteza rangi. Alikuwa kibarua, analinda shamba la mtu, anaishi kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ambacho Warufiji hukaa kuwinga ndege na nguruwe. Aliniamkia, akasema anaitwa Athumani, mtu wa Mbwera. Kisha akauliza kama ni mimi ninayekusanya SAR.

"Ndimi."

"Ya Mbwera mie naijua ilipo. Nilikuwa mgambo, mie ndiye niliyepewa. Lakini mama, mnipeleke leo. Kesho hainifai."

Nikamwita Koplo. Tulikaa watatu chini ya dungu lake, juu ya shina la mnazi, na Athumani akatusimulia huku akichimba ardhi kwa kijiti.

Wakati ule wa miaka mibaya, watu wasiojulikana walikuwa wakipita visiwani wakiuliza nani anaweka bunduki. Aliyekuwa nayo alikuwa amekalia kaa la moto. Kuirudisha bara hakuthubutu: akikutwa nayo njiani na watu hao, amekwisha, akikutwa na askari, atajielezaje? Katika wiki hiyohiyo mdogo wake, Selemani, alikwenda kuvua kaa kwenye mikoko asirudi. Mtumbwi wake ulikutwa umetulia, haukupinduka. Watu walisema ni mamba. Walitafuta mpaka wakakata tamaa, hawakupata hata kidole.

"Mama yangu akawa hali chakula," Athumani akasema. "Anakaa pale ukingoni, anasema mwanawe hana kaburi. Mie nikaingia mikokoni peke yangu. Nikarudi na kitu nimekiviringisha. Nikawaambia nimepata mguu wa Selemani, hautazamiki, nimeuosha mwenyewe na kuukafini mwenyewe. Shehe akausalia. Tukazika."

Koplo Shukuru alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Ndani ya sanda kulikuwa na SAR."

"Kulikuwa na SAR. Nilikusudia baadaye nimweleze mama. Kila nikitaka kumwambia, namkuta ametoka kaburini, uso umetulia. Nikashindwa. Halafu watu wakaanza kuuliza, bunduki iko wapi? Nikasema ilizama na Selemani. Hakuna aliyeniamini, maana mtumbwi ulikuwa mzima. Wakasema nimewapa wale watu. Lisemwalo lipo. Watoto wakawa hawapiti mbele ya nyumba yetu. Nikahama."

"Sasa kwa nini leo?" nikamuuliza.

"Mto umekula ukingo wa makaburini. Jana kapita huku mfanyabiashara wa mchele, kanambia shehe ameanza kuyahamisha makaburi, safu moja baada ya nyingine. Wakifika la Selemani watalifungua, na mama atakuwa amekaa pale pale. Nataka nimwambie mwenyewe, kabla ya jembe."

Koplo alivuta pumzi. "Ndugu yangu, nitakupeleka. Ila nakwambia mapema tusije tukalaumiana. Ikikosekana hiyo bunduki, mimi nitarudi na wewe, na hutarudi kama abiria."

"Sawa, afande," Athumani akajibu.

Nami nitawaambia ukweli: wakati huo sikumfikiria yule mama hata kidogo. Nilikuwa nawaza kama sanda huzuia kutu.

Mloka hadi Nyamisati

Hatukufika mbali. Tembo walikuwa wamesimama barabarani, jike na watoto na shangazi zao, wakikwangua magome bila haraka. Koplo alizima injini. Tulikaa. Athumani nyuma alikuwa akikunjakunja mikono, na kila tembo mmoja alipotoka barabarani, mwingine aliingia.

"Piga simu," nikamwambia. "Waambie wasubiri, wasilifungue hilo moja."

"Nimpigie nani, mama? Na nimwambie sababu gani?"

Alisema kweli. Shehe angeuliza kwa nini, na angalau mtu mmoja aliyesimama karibu naye angesikia, na mama angezisikia habari kutoka kwa jirani.

Tembo walipoturuhusu tulikimbia mpaka tope la kwanza, na hapo gari likalala ubavu kidogo likagoma. Tulisukuma, mimi na Athumani, nikiwa na gauni langu la safari ambalo sasa limekuwa la kudekia. Alisukuma kama mtu anayegombana na gari. Kucha ya kidole chake ilibanduka, hata hakuitazama. Vijana wa kijiji cha jirani walikuja kutusaidia, na mmoja wao alipoona gunia limelala kwenye gari na umbo lake, alirudi nyuma, akawaambia wenzake, wakatuachia tope letu. Tulitoka wenyewe, jua likiwa limeshainama.

Tulilala njiani, mahali pa wadudu wengi na chai chungu. Alfajiri tukaondoka, tukapita Kibiti bila kusimama, tukaingia barabara ya Nyamisati. Athumani hakula kitu. Nilimpa chungwa, akalishika mpaka tulipofika.

Nyamisati maji yalikuwa yamekupwa. Boti ya Mbwera ilikuwa imekaa juu ya tope kama kuku anayeatamia, na nahodha, mzee mfupi mwenye kofia ya kiua, alikuwa anakunywa uji. Nikamwambia tuna haraka.

"Haraka unayo weye," akasema. "Maji hayapigiwi honi."

Tukakaa tukisubiri. Mama mmoja alituuzia kaa wa kuchemsha. Koplo aliuangalia mguu wa kaa mbele na nyuma, akasema kwao hawali mdudu anayetembea upande upande, hajui anakokwenda. Mimi nilikula, nikala na wa kwake. Kwa kawaida ningefurahi, lakini kila nilipoinua macho nilimwona Athumani amesimama mwisho wa gati akitazama mahali ambapo maji yangetokea.

Yalipojaa, abiria wakapanda. Nahodha alikuwa akipokea mizigo, akafika kwa Athumani, akasita.

"Weye si yule wa bunduki?"

Boti nzima iligeuka. Mwanamke aliyekuwa na kapu la vitumbua alilivuta karibu na miguu yake, ungedhani Athumani ana njaa ya wizi. Mzee mmoja alisema, "Astaghfirullah," akatazama pembeni.

"Huyo simbebi," nahodha akasema. "Nina wake, nina wajukuu. Sitaki kuonekana nimempakia."

Koplo alianza kufungua begi atoe sare, nikamshika mkono. Sare ingemaliza safari hapohapo, nusu ya abiria wangeshuka. Nikamwambia nahodha, "Basi usimbebe yeye. Tubebe sisi wawili, na yeye ni mzigo wetu."

Nahodha aliashiria pua ya boti kwa kidole.

"Mzigo hukaa mbele," akasema.

Athumani akaenda kukaa mbele kabisa, mahali ambapo kila wimbi linaingia.

Nyamisati hadi Mbwera

Mnaodhani delta ni mto mmoja unaoingia baharini, mmekosea. Ni vijito visivyo na idadi, mikoko kulia, mikoko kushoto, kila kona inafanana na iliyopita. Koplo Shukuru alivaa majaketi mawili ya kuokolea, moja juu ya jingine, akafumba macho na kusema kimya kimya maneno ambayo sidhani yalikuwa sala tu. Hakuna aliyezungumza nasi. Maji yalimpiga Athumani mpaka shati likamganda mgongoni, naye hakujifuta.

Mbwera ilipotokea, niliona kwanza ukingo. Ulikuwa umekatika wima, udongo mbichi, na kwenye udongo ule zilichomoza mbao za zamani, zile zinazoziba mwanandani wa kaburi. Juu ya ukingo palikuwa na watu wenye majembe, na mashimo yaliyokuwa wazi.

"Wamefika wapi?" Koplo akauliza, macho bado kayafumba.

Athumani alisimama, boti ikayumba. "La Selemani ni la mwisho, lile lenye kipande cha nguzo ya mti wa mkandaa. Bado," akasema. "Bado halijaguswa."

Tulishuka kwenye tope. Alitangulia, sisi tukamfuata. Waliokuwa wakichimba waliegemea majembe walipomtambua. Shehe, mtu wa rika langu, mwenye sauti ya kugombeza, alikuwa amekunja kanzu kiunoni naye anachimba. Aliweka jembe chini.

Karibu na kaburi lenye nguzo alikaa mwanamke mzee juu ya mkeka, kajitanda kanga, mapajani ana kitambaa cheupe kipya kilichokunjwa. Huyo ndiye Bi Mwanahawa, mama yake. Alikuja na sanda mpya ya kumhamishia mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakumtazama. "Umekuja kumzika nduguyo mara ya pili?"

Athumani akapiga magoti kwenye mchanga. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hapakuwa na kelele nyingine yoyote.

"Mama, humo hamna Selemani."

"Kuna nini?"

"Kuna bunduki. Ile ya mgambo. Mguu sikuupata. Sikupata kitu, mama. Nilikudanganya."

Mtu mmoja nyuma yangu alianza kunong'ona, shehe akamkatiza kwa jicho. Bi Mwanahawa alikaa vilevile. Vidole vyake vilikuwa vinalainisha ile sanda, vinalainisha tu, pahali pamoja. Nilitamani niwe mahali pengine popote. Niliona aibu kwamba nimesafiri njia yote ile nikiwaza kutu.

"Fukua mwenyewe," hatimaye akasema.

Shehe akajikohoza. "Bi Mwanahawa, kama hamna maiti, hatuna haja ya..."

"Shehe, kaburi ni langu. Afukue."

Athumani akachukua jembe. Wachimbaji wakampisha. Udongo ulikuwa laini kwa sababu ya maji, alishuka haraka, mpaka tukaona mgongo wake tu. Alipofika kwenye mbao akazitoa kwa mikono, zilikuwa zimeoza zikameguka kama mkate. Chini yake palikuwa na tope jeusi. Akaingiza mkono. Akautoa mtupu. Akauingiza tena mpaka begani, uso wake umelala juu ya udongo, akapapasa upande huu na upande ule.

Hapakuwa na kitu.

Watu walianza kusogea. Mzee wa kwenye boti akasema, "Si nilisema," na hakumaliza. Koplo Shukuru, ambaye mpaka dakika ile alikuwa mtu wa utani, alisogea akasimama ukingoni mwa shimo, mkono wake ukiwa kwenye mfuko alimoweka pingu. Nikamwona Athumani anainua macho kumtazama mama yake. Hakumtazama Koplo wala mimi.

"Maji yanasogeza," mama akasema. "Tafuta upande wa miguu."

Akatafuta upande wa miguu. Bega lake likasimama. Kisha akavuta polepole, na tope likaachia kwa sauti ya mdomo unaobusu, likatoka furushi jeusi refu. Nguo ya juu iliraruka mkononi mwake. Ndani kulikuwa na nailoni, na ndani ya nailoni, mbao na chuma. Alikuwa ameipaka mafuta ya nazi kabla ya kuiviringisha.

Nilishuka kuipokea. Niliisafisha kwa upindo wa gauni, nikatafuta namba mahali ninapopajua. Kutu ilikuwa imekula mwanzo wake, lakini mwisho ulisomeka. Namba ile nilikuwa naikumbuka kwa kichwa kwa miaka, nikaitaja kwa sauti, na Koplo akaitikia, "Ndiyo yenyewe." Nahodha, ambaye alikuwa ametufuata, alivua kofia yake akaivaa tena.

Ndipo Bi Mwanahawa aliposema, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anaongea na jirani uani:

"Kila Alhamisi nimekaa hapa. Kumbe nimekisomea Yasini chuma cha serikali."

Mwanamke mmoja alicheka bila kukusudia, akaziba mdomo. Bi Mwanahawa naye akacheka, mabega yakatikisika, na kicheko kikageuka hapohapo tukiwa tunamtazama. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya msiba na si baada yake. Akina mama wakamzunguka. Athumani alibaki ndani ya shimo, hakuthubutu kutoka.

Shehe naye alikuwa na lake, masikini. Alinivuta kando kana kwamba mimi ni mufti. "Mie ndiye niliyesalisha," akasema. "Kijiji kizima kilisimama nyuma yangu." Alitembea hatua chache, akarudi, akajijibu mwenyewe: sala ilikuwa ya Selemani kwa nia, na nia haikukosea. Akaenda kumwambia Bi Mwanahawa maneno hayo. Yule mama alimsikiliza, akajifuta uso, akaitazama ile sanda mpya, akaikunja upya na kuitia kwenye kapu lake.

"Itanifaa mwenyewe," akasema.

Kuondoka Mbwera

Tulipewa wali na kamba wa nazi, kwa sababu hata siku kama ile mgeni hali upepo. Koplo aliandika maelezo ya Athumani wakiwa wamekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaita mashahidi, nao waliokuja walikuwa wengi kuliko nafasi. Mzee wa "si nilisema" alikuwa wa kwanza kujitolea. Koplo alimwambia Athumani kwamba kwa upande wake amemaliza naye, akihitajika ataitwa.

Watu walikuja kumpa Athumani mkono. Alipokea. Lakini mama yake alikuwa ameingia ndani tangu chakula, na mlango ulikuwa umerudishwa. Alikwenda akasimama nje, akabisha hodi, akangoja, akabisha tena. Mimi nilikuwa nafunga SAR yangu kwenye gunia, nikawa najidai sioni. Akarudi.

"Nitarudi na nyinyi," akaniambia. "Mahindi ya watu yako Mloka."

Nahodha akaita kwamba maji yanakupwa na hataki kulala juu ya tope. Tukapanda. Athumani akaenda moja kwa moja mbele kabisa, mahali pake pa kuja.

"Njoo nyuma huku," nahodha akamwambia, bila kumtazama. "Huko unalowa."

Akaja nyuma. Injini ikawashwa. Nililiweka gunia katikati ya miguu yangu na nilikuwa na furaha, siwezi kuwaficha, SAR mbili kwa safari moja. Yule mtu alikuwa ameokoa jina lake na amepoteza mama, na mimi narudi na mali.

Boti ilipoanza kujigeuza, Bi Mwanahawa alitokea ukingoni. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, jembe mkononi. Hakupaza sauti sana, lakini nahodha alipunguza moto wa injini.

"Athumani."

"Labeka, mama."

"Kaburi la nduguyo umeliacha wazi. Unakwenda wapi?"

Athumani alivua viatu, akaruka, tope likamshika mpaka magotini. Koplo Shukuru alishika ukingo wa boti kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamrushia Athumani begi lake. Nilimwona Athumani akipanda ule ukingo kwa mikono na magoti, anateleza, anapanda tena. Mama yake hakumpa mkono, ila alisimama palepale mpaka akafika.